Spider-Man isiyo na bei, Star Wars ya senti 35, Hulk 181: mnatofautishaje chapa ya kwanza na ya kurudiwa?

Kobe_wa_Tanga

Wakuu, habari za humu. Kuna rundo la katuni za zamani za Marekani linauzwa kwa pamoja mtandaoni. Muuzaji yuko Uingereza, hajui sana anachouza, na amekubali kupiga picha yoyote nitakayomwomba kabla sijalipa. Nataka nimwombe picha chache zenye maana, siyo hamsini. Zinazonisumbua ni hizi:

Action Comics namba 1, ile ya Superman kanyanyua gari la kijani, bei senti 10. Picha ni moja tu, ya mbele. Yeye mwenyewe anaiita "ya zamani", basi.

Amazing Spider-Man namba 1. Jalada ni lile lile lenye Fantastic Four, lakini pale bei inapokaa hakuna kitu. Haikufutwa wala haikukwanguliwa. Haipo.

Star Wars 1 ya 1977, senti 35. Nijuavyo bei yake ilikuwa 30.

Hulk 181, jalada zuri sana. Ndani hakuonyesha.

Halafu kuna kama ishirini za Marvel za miaka ya sitini zilizoandikwa 9d badala ya senti, na Captain America 100. Namba 1 mpaka 99 zake sizioni popote, hata kwenye orodha za wauzaji wakubwa.

Naomba vipimo na alama za kuangalia. Jibu la "peleka kwa CGC wakupimie" (ile kampuni ya kukagua katuni na kuzipa daraja) nalijua tayari.

Senti12

Mkuu, Action 1 inamalizwa kwa kadi ya benki. Mwambie aiweke kadi yoyote juu ya jalada apige picha kutoka juu, simu ikiwa sambamba na meza. Kadi zote za benki duniani zina urefu wa milimita 85.6, na tofauti na rula, hakuna wa kukuletea kadi iliyochapwa ndogo ili akudanganye.

Ya 1938 ina urefu wa inchi 10 na nusu hivi, yaani sentimita 26.7. Ni kadi tatu zikifuatana kwa urefu, na inabaki nafasi ya upana wa kidole. Ukiona kadi nne zinaingia kamili, hiyo ni Famous First Edition ya 1974 ya DC, wachapishaji wa Superman, namba C-26, yenye inchi 10 kwa 13 na nusu. Na ndiyo ninayoitilia shaka. DC waliirudia Action 1 nzima, matangazo na yote, wakaifunika kwa jalada la pili la karatasi nene lenye jina la mfululizo. Ukilichomoa lile jalada la nje, kinachobaki kinafanana na ya 1938 kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Watu wamechomoa sana, tangu miaka hiyo hiyo ya sabini. Kwenye picha ya mtandaoni ukubwa hauonekani, kwa hiyo ujanja haujafa.

Zipo pia za kurudiwa zenye ukubwa wa kawaida. Kuna ya zawadi ya 1976, bei juu imeandikwa senti 10 vile vile, lakini ina kurasa 16 tu na ndani ni hadithi ya Superman peke yake. Nyingine ya 1988 ina bei ya senti 50, hiyo haimsumbui mtu. Kwa hiyo picha ya pili ya kuomba ni ukurasa wowote wa Zatara, yule mchawi wa kofia ndefu. Ya kweli ina kurasa 64, Superman anachukua 13 za mwanzo, kisha wanafuata Chuck Dawson, Zatara, Tex Thompson na wenzao. Bila Zatara hakuna Action 1.

Kwa faida ya wageni: humo ndani Superman hapai angani. Anaruka, tena kwa maana yetu ya kuruka, kama panzi, umbali wa moja ya nane ya maili. Na panzi mwenyewe yumo kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na sisimizi, ndio wanaotolewa mfano wa kisayansi wa nguvu zake. Krypton haijapewa jina bado. Clark Kent anafanya kazi Daily Star, Daily Planet ilikuja baadaye. Siegel na Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zake kwa dola 130. Nakala moja ya toleo hilo iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, ndiyo maana nasema kama muuzaji wako angekuwa nayo asingeiweka kwenye rundo.

Spider-Man 1 isiyo na bei ni ya Golden Record, 1966. Marvel waliruhusu matoleo manne yarudiwe na kuuzwa pamoja na santuri: Amazing Spider-Man 1, Fantastic Four 1, Avengers 4 na Journey into Mystery 83. Mtoto anaweka santuri, anafuata picha kwenye kurasa. Katuni ilikuwa sehemu ya kifurushi, haikuwa na haja ya bei yake. Ya kwanza, ya Machi 1963, ina senti 12, au 9d kama ni ya soko la Uingereza. Hakuna ya kwanza isiyo na bei. Hiyo yako si takataka lakini, ni chapa ya miaka mitatu tu baadaye na ina wapenzi wake, hasa ikiwa na santuri. Muulize kama santuri ipo.

Usihangaike na kile kichekesho cha "Peter Palmer". Ni kweli mwandishi wake, Stan Lee, alimkosea jina Peter Parker (ndiye Spider-Man) kwenye toleo hilo, kama alivyomwita Hulk "Bob Banner" kwenye Fantastic Four 25 mpaka ikabidi atangaze kuwa jina kamili ni Robert Bruce Banner. Ila kosa la maneno si kipimo cha chapa. Anayerudia hurudia na makosa.

Pini_Mbili

Senti12 kamaliza hapo. Nichukue Star Wars.

Bei ya senti 35 ni ya kweli na ni ya uongo, inategemea pembe ya chini kushoto ya jalada. Mwaka 1977 Marvel walitaka kujua wasomaji watavumilia ongezeko la senti tano au la. Kwa matoleo yenye tarehe za Juni mpaka Oktoba, wakapeleka nakala za senti 35 kwenye miji michache, nchi nzima iliyobaki ikaendelea na 30. Kuanzia Novemba kila kitu kikawa 35. Star Wars 1 hadi 4 ziliangukia ndani ya miezi hiyo, na Iron Fist 14 pia, ile ya Sabretooth. Walishafanya hivyo hivyo mwaka uliotangulia: Aprili mpaka Agosti 1976, senti 30 mahali pa 25.

Tatizo ni kwamba Star Wars iliuzwa mno. Filamu ilitoka Mei 1977, katuni ikaisha madukani, ikarudiwa zaidi ya mara moja. Zilizorudiwa nazo zina bei ya 30 au 35. Ndizo zimejaa sokoni.

Ya majaribio: bei na namba zimo ndani ya kisanduku cha mraba, na kule chini kwenye kisanduku cha bakodi mistari ipo.

Ya kurudiwa: bei na namba zimo ndani ya umbo la almasi na bakodi haipo, au neno "Reprint" limeandikwa pembeni juu kushoto, au limeandikwa ndani.

Kwa hiyo picha mbili za karibu, pembe ya juu kushoto na pembe ya chini kushoto. Mraba peke yake hautoshi, nataka na mistari ya bakodi. Vikikamilika vyote viwili, sasa ndipo uanze kuogopa kughushiwa, maana kugeuza 0 kuwa 5 ni kazi ya kalamu ya ncha nyembamba. Mwombe picha ya tarakimu hiyo kupitia lenzi, hata lenzi ya simu ya mtumba inatosha. Wino wa kiwandani ni bapa, ukingo wake ni mmoja. Kalamu huacha mng'ao tofauti ukiinamisha jalada kwenye mwanga, na mara nyingi wino hutokea upande wa ndani wa jalada. Akipata shida kupiga, apige ndani ya jalada nyuma kabisa ya ile bei.

Onyo moja ambalo hata wazoefu hulikosea. Almasi kwenye Star Wars 1 maana yake imerudiwa. Almasi kwenye Marvel nyingine za 1977 hadi 1979 haina maana hiyo. Zile za almasi nene zilikuwa nakala za chapa ya kwanza kabisa, zilizopelekwa kwa Western Publishing, wenye jina la Whitman, wakazifunga tatu tatu kwenye mfuko wa plastiki na kuziuza kwenye maduka ya kawaida. Hazikuwa na bakodi kwa sababu haziwezi kurudishwa kwa wakala. Kwa miaka mingi watu waliziita za kurudiwa wakazinunua kwa bei ya kutupa.

Buibui62

Kwenye hizo 9d usipoteze muda. Ni chapa za Uingereza, za kurudiwa zote. Ziache.

Senti12

Hapana, Buibui62, hapo umempotosha. Za kurudiwa Uingereza zipo, ila ni majarida ya pale pale, marefu, mengi yana kurasa nyeusi na nyeupe, na yana majina na namba zake. Hizi za 9d ni kitu kingine kabisa. Zilichapwa Marekani, kwenye mtambo ule ule, kwa ajili ya msambazaji wa Uingereza, Thorpe & Porter. Wanasimamisha mtambo, wanabadilisha bei kwenye bamba la wino mweusi, wanaendelea. Ndani ni zile zile: matangazo kwa dola, anwani za New York, barua zile zile. Utaratibu huo ulianza 1960.

Namna ya kuhakikisha: fungua maandishi madogo ya mchapishaji chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada. Ukikuta mwezi, mwaka na namba ya toleo vinalingana na toleo la Marekani, na ukubwa ni ule ule, ni chapa ya kwanza. Sokoni zina bei ya chini kuliko za senti, na CGC huandika kwenye lebo kuwa ni za Uingereza, lakini uchache wake ni mkubwa kuliko wenzake.

Herufi d ni peni ya zamani, na shilingi yao ilikuwa na peni 12, siyo senti 100 kama yetu. Kwa hiyo 9d ni robo tatu ya shilingi. Februari 1971 Waingereza wakabadilisha hesabu ya fedha, ndipo d ikaondoka ikaja p. Ukiona Marvel yenye tarehe ya 1965 na bei ya 6p, kuna mtu amebadilisha jalada.

DC wao hawakuchapa bei ya peni mpaka 1978. Kabla ya hapo nakala za senti zilipigwa muhuri wa wino wa duara kule kule Uingereza. Muhuri huo ni wa halali, usiusugue.

Buibui62

Nimekubali. Nilichanganya na yale ya kila wiki.

MamaKatuni

Kobe, kuhusu Hulk 181 umeona mbele tu, na thamani yake iko nyuma, kwenye ukurasa wa barua.

Kuanzia matoleo ya Machi 1974 Marvel waliweka stempu ndogo za kukata na kubandika kwenye kitabu, mfululizo wa kwanza ulikuwa na stempu 100. Watoto walizikata kwa mkasi, kama walivyoagizwa. Stempu ya Hulk 181 ni namba 54, Shanna the She-Devil. Toleo ni la Novemba 1974, senti 25, na ndiyo mara ya kwanza Wolverine anaonekana kikamilifu. Kwenye 180 yumo katika picha ya mwisho kabisa ya ukurasa wa mwisho. Jalada linaweza kuwa kama limetoka kiwandani leo, stempu ikawa haipo, na bei ikaanguka kwa kiasi ambacho sioni raha kukitaja.

Mwombe picha tatu: ukurasa wa barua mzima, nyuma ya ukurasa huo huo, na ya tatu ukurasa huo ukiwa umeinuliwa mbele ya dirisha mchana ili mwanga upite. Hii ya tatu ndiyo muhimu. Stempu ikichukuliwa kwenye nakala iliyochakaa ikapachikwa kwenye shimo, mbele itaonekana vizuri. Kwenye mwanga utaona mstari wa mraba kuizunguka. Nyuma yake maandishi au rangi haziungani barabara. Hata nusu milimita huonekana kwenye herufi. Akiwa na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, aimulike: gundi nyingi hung'aa.

Taa hiyo ina kazi nyingine. Marvel wametoa Hulk 181 upya siku hizi katika matoleo ya nakala halisi, yenye matangazo na stempu yake. Kuna wanaokata stempu humo. Karatasi nyingi nyeupe za leo zina dawa ya kung'arisha na chini ya taa hugeuka buluu kali. Karatasi ya gazeti ya 1974 inabaki kahawia iliyofifia. Dawa hizo zilianza kuingia kwenye karatasi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo na kwa katuni ya 1938 kipimo kinafaa: kurasa za ndani ziking'aa buluu, funga mjadala.

Usiishie kwenye stempu. Fungua katikati. Kurasa zinazobeba hadithi ziko kwenye karatasi zilizokunjwa na kushikwa na pini mbili, kwa hiyo anayechana karatasi moja anaondoa kurasa nne, mbili huku na mbili kule. Ukikuta ukurasa wa barua uko huru, haujashikwa na pini, tafuta mwenzake upande wa mbele. Nao utakuwa huru, au umetoka kwenye nakala nyingine.

Lebo za CGC kwa ufupi kwa wasiozijua: buluu ni nakala isiyoguswa, zambarau imekarabatiwa, kijani ina kasoro moja kubwa iliyotajwa, njano ina sahihi iliyoshuhudiwa. Hulk 181 isiyo na stempu huwa unaikuta kwenye kijani.

Pini_Mbili

Niongeze kwenye hizo ishirini za miaka ya sitini, maana wingi ndipo mtu hulala. Mambo manne ya kuangalia, na yote yanaonekana kwa picha ya ukingo wa kulia na picha ya mgongo.

Kukatwa. Mtu ana nakala yenye kingo zilizochakaa, anaipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi, inatoka na kingo kali kama kisu. Katuni za Marvel za wakati huo zina upana wa inchi 7 na moja ya nane hivi, sentimita 18.1. Pima juu, katikati na chini. Milimita moja au mbili isikutie presha, kiwandani kwenyewe hawakuwa makini. Kinachokamata mkataji ni rangi: karatasi ya gazeti huanza kuwa kahawia ukingoni kuelekea ndani, kwa sababu hewa inaingilia pale. Nakala ya 1964 ambayo ukingo wake ni mweupe kuliko katikati ya ukurasa, ukingo wake wa zamani uko kwenye pipa la taka la mtu.

Mapengo madogo ukingo wa kulia wa jalada, kama panya kaonja. Hayo ni ya kiwandani, visu butu vya mwanzoni mwa miaka ya sitini. Amazing Fantasy 15 na wenzake wanayo sana. Si ukarabati, ni kasoro ya kawaida. Ila kuna wanaoyaziba kwa karatasi na rangi, na hapo ndipo lebo inageuka zambarau. Geuza jalada uangalie kwa ndani.

Rangi ya kalamu kwenye mgongo. Mikunjo huonekana kama vistari vyeupe kwenye jalada jeusi au la buluu nzito, watu wanavipaka. Tena ndani ya jalada ndiko kunakosema ukweli.

Pini. Matundu yawe manne tu kila karatasi, mawili kwa kila pini, na kutu ikiwepo, doa la jalada likae juu ya doa la ukurasa wa kwanza. Matundu zaidi ya manne maana yake pini zimetolewa: ama ukurasa umebadilishwa, ama jalada ni la nakala nyingine.

Namba za kalamu ya risasi au mihuri midogo ya tarehe juu ya jalada usiiogope. Ni wakala au muuza magazeti aliandika siku mzigo ulipofika. Inapendeza hata, kwa sababu tarehe ya jalada iko mbele kwa miezi miwili mitatu. Action 1 ya "Juni" iliuzwa Aprili. Fantastic Four 1 ya "Novemba 1961" ilikuwa mtaani Agosti. Ile tarehe ilikuwa ya kumwambia muuzaji lini aiondoe. Naye asiyeuza alichana sehemu ya juu ya jalada yenye jina, akairudisha hiyo kipande kudai fedha zake. Ndiyo maana zipo nakala nyingi zenye ndani safi na jalada nusu.

Na bei ni kalenda nzuri kwa Marvel. Senti 10 mpaka 1961. 12 kuanzia mwanzo wa 1962. 15 mwaka 1969. Novemba 1971 wakaruka mpaka 25 pamoja na kuongeza kurasa, na mwezi uliofuata wakashuka 20 na kurasa za zamani. DC waliokuwa wamepanda nao wakabaki 25 mpaka katikati ya 1972, na wasomaji wakahamia kwenye bei nafuu. Kisha 25 mwaka 1974, 30 mwaka 1976, 35 Novemba 1977, 40 mwaka 1979, 50 mwaka 1980.

Senti12

Captain America 100 imesahauliwa. Usitafute namba 1 mpaka 99, Kobe, kwa mfululizo huo hazipo. Kapteni alikuwa anagawana Tales of Suspense na Iron Man, nusu kwa nusu, mpaka namba 99. Aprili 1968 jarida likabadilishwa jina likawa Captain America na namba ikaendelea: 100. Iron Man ndiye aliyeanzishiwa namba 1 yake mwezi uliofuata. Hulk vivyo hivyo: Tales to Astonish 101, halafu Hulk 102, na Sub-Mariner akapewa namba 1.

Kwa nini 1968? Kwa sababu mpaka hapo Marvel walisambazwa na Independent News, kampuni ya wenye DC, ambayo iliwabana wasizidi idadi fulani ya majarida kwa mwezi. Walipolegezewa, kila shujaa akapata nyumba yake. Na kuendeleza namba ya zamani badala ya kuanza upya ni mazoea ya posta: jarida jipya lilihitaji kibali kipya cha kutumwa kwa nauli nafuu, na kibali kilikuwa na ada. Ndiyo maana Flash ya Machi 1959 ilianzia 105, wakati Flash Comics ya zamani iliishia 104 miaka kumi nyuma. Zile kurasa mbili za hadithi ya maandishi matupu zilizokuwa zinawaboa watoto ni za posta vile vile, bila hizo jarida halikuhesabika kuwa jarida.

Na Whiz Comics ya Captain Marvel inaanzia namba 2, Februari 1940. Namba 1 ya kuuzwa haikuwahi kuwepo. Ukiletewa, furahia ubunifu wa aliyeitengeneza.

Kobe_wa_Tanga

Nashukuruni sana. Nimehesabu, picha kumi na mbili zinatosha. Swali la mwisho: nikizipata nitaziweka hapa pwani. Vifuko vya plastiki vya madukani vinafaa? Na nimwambie afungeje?

MamaKatuni

Vile vya stationery laini vyenye harufu kali usiguse, hiyo ni PVC. Vinatoa kemikali na wino unang'ang'ania plastiki. Kwa Hulk na Spider-Man nunua mifuko ya poliesta, ile inayoitwa Mylar, inadumu. Kwa hizo ishirini polipropilini inatosha, lakini ubadilishe kila baada ya miaka mitano hivi. Angalia upana: za miaka ya sitini zinataka mfuko wa saizi ya "Silver". Mfuko wa katuni za sasa ni mwembamba, ukilazimisha unakunja pembe za jalada. Ndani weka kadibodi isiyo na asidi, siyo boksi la biskuti.

Adui wa Tanga ni unyevu, na mdomo wake ni pini. Pini ni chuma cha kawaida. Zikipata kutu, karatasi iliyozunguka inakuwa kama mkate mkavu na jalada linachomoka lenyewe. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya boksi. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka kipima unyevu kidogo cha betri na pakiti za silika zinazobadilika rangi. Rangi ikigeuka, zitoe, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120, zirudishe. Katuni zisimame wima zikiwa zimebanana kiasi, boksi liwe juu ya rafu, siyo sakafuni wala kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Usipitishe leminesheni kitu chochote humu. Nimesema chochote.

Wadudu wakiwepo, funga nakala ndani ya mfuko usiopitisha hewa, weka friza wiki mbili. Ukitoa, iache siku nzima ndani ya mfuko huo huo kabla ya kufungua. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya jalada.

Kuhusu kufunga: kila nakala ndani ya mfuko wake, kisha katikati ya vipande viwili vya kadibodi ya mawimbi, mawimbi ya kimoja yakiwa wima na ya kingine ya kulala, ili visikunjike upande wowote. Selotepu isibaki wazi mdomoni mwa mfuko. Akunje ncha yake. Majalada mengi yanachanika siku ya kufungua mzigo, mtu anavuta katuni na gundi ya selotepu inaidaka pembeni.

Buibui62

Za Lance Spearman, Juha Kalulu na Chakubanga mnazipimaje? Zenyewe hazina hata bakodi.

Pini_Mbili

Fungua uzi wake, tutakuja. Juha Kalulu na Chakubanga ni za magazeti, kipimo chake ni tarehe ya gazeti na kilicho nyuma ya kipande. Anayekata akaacha tarehe nje ametupa nusu ya ushahidi. Spearman ni ya picha za kamera, kwa hiyo chukua lenzi uangalie nukta za picha. Nakala iliyotolewa kwenye skana ina nukta juu ya nukta, mawimbi mawimbi, na herufi nyeusi nazo zimevunjika nukta. Kwenye ile ya mtambo herufi ni nyeusi tupu.